Usibonyeze, shindilia

Baba mdogo alianguka akiwa na kreti ya soda mikononi. Ilikuwa Desemba, wiki ile ambayo barabara ya Kibosho inajaa magari ya kutoka Dar na kila boma lina turubai. Kwao kulikuwa na kipaimara cha binti yao wa mwisho. Ndafu ilikuwa imeshakatwa, mshereheshaji anagombana na spika, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba karibu na migomba nikihesabu kreti, maana mwenye duka hukabidhiwa kuhesabu hata kwenye sherehe. Nikasikia chupa zinavunjika. Kugeuka, namwona amelala ubavu, miguu kwenye majani ya mgomba, mkono mmoja bado umeng'ang'ania kreti.

Kitunguu kilifika kwanza. Sijui nani alikuwa nacho. Kwetu mtu akianguka kitunguu hutokea tu, kimekatwa nusu, pamoja na mtu wa kukinusisha. Likafuata jagi la maji. Shangazi wawili wakaanza kumpepea kwa kanga. Mtu mmoja akasema, "Anakoroma huyo, yupo, mwacheni apate hewa." Na kweli alikuwa anakoroma: mkoromo mmoja mzito, kimya kirefu, halafu mwingine.

Nikapiga magoti, nikaweka mikono kifuani kwake, nikaanza kubonyeza, kwa sababu niliwahi kuona kwenye televisheni. Mama mdogo alikuwa amempakata kichwa. Akaniambia, "Taratibu, baba, utamuumiza." Nikapunguza. Katika mambo yote ya siku ile hilo ndilo limenikaa: niliambiwa taratibu, nikaenda taratibu.

Tulimpakia kwenye Noah, kiti cha nyuma, magoti yamekunjwa ili mlango ufungike. Kutoka pale mpaka mjini hakuna aliyegusa kifua chake tena. Wote tulikuwa tumeelekeza akili kwenye honi. Hospitali walimpokea, wakafanya yao, wakatoka kutuambia kitu ambacho kila aliyekuwa ndani ya lile gari alikuwa ameshakijua tangu tulipofika lami.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, upande wa Mbuyuni. Saruji, nondo, misumari, rangi, mabomba. Mmoja wa wateja wangu ni tabibu anayejenga Uru kidogo kidogo, kila Jumamosi anachukua kitu kimoja. Miezi miwili baada ya msiba alikuja, akanipa pole, akauliza ilikuwaje. Nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Ulimbonyeza kiasi gani? Nionyeshe." Nikaweka viganja juu ya katoni ya vitasa, nikamwonyesha. Akaangalia kwa muda.

"Hapo," akasema, "ulikuwa unampa pole."

Akachomoa msumari wa inchi mbili kwenye boksi, akausimamisha kaunta kwa kichwa chake. Kifua cha mtu mzima, akasema, kinatakiwa kizame huu wote. Akachukua wa inchi mbili na nusu, akausimamisha pembeni. Huu umezidi. Mimi misumari naijua: inchi mbili ni sentimita 5 na punje. Baadaye nilisoma mwenyewe nikakuta ndivyo miongozo inavyosema kwa mtu mzima: angalau sentimita 5, isipite 6, katikati ya kifua kwenye nusu ya chini ya ule mfupa wa mbele, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Lakini namba nilizisoma mara moja. Msumari ndio nilioweka mfukoni.

Chukua wako uushike ubavuni mwako, kuanzia mbele ya kifua kuelekea mgongoni. Utaona kwamba unaombwa uzamishe karibu moja ya tano ya unene wa mtu. Vifua havilingani, lakini kwa wengi nguvu inayotakiwa haiko mbali na uzito wa mfuko wa saruji. Yaani kila pigo moja ni kama umemtua mtu mfuko kifuani, ukaunyanyua, ukamtua tena, karibu mara mbili kila sekunde. Mimi nilikuwa nakanda unga wa chapati.

Jambo hili la kukandamiza kifua kwa mikono, ili damu iendelee kuzunguka moyo ukisimama, si la zamani. Liliandikwa rasmi mwaka 1960 na watu watatu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore: Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker. Nilifurahi kugundua kwamba kati yao daktari alikuwa mmoja tu, Jude. Kouwenhoven alikuwa mhandisi wa umeme na Knickerbocker mwanafunzi wake. Walikuwa wanatafuta namna ya kuushtua moyo kwa umeme bila kupasua kifua, wakijaribu kwa mbwa, na Knickerbocker akaona kwamba kila wanapovigandamiza vile vibao vya umeme kifuani kwa nguvu, presha ya mbwa inapanda kabla hata umeme haujawashwa. Ule uzito wa vibao ndio uliokuwa unasukuma damu. Wakaandika kwamba kinachohitajika ni mikono miwili tu. Hawakusema mikono miwili ya daktari.

Sasa mbona mimi mikono ninayo na sikufaa kitu? Nimelizungusha swali hilo kichwani kwa muda mrefu, na jibu langu ni la mtu wa duka, si la mtaalamu: tatizo la kwanza ni neno.

Angalia mabango ya huduma ya kwanza, sikiliza watu wakielekezana. "Mbonyeze kifua." Bonyeza! Tunabonyeza nini sisi? Tunabonyeza kengele. Tunabonyeza simu. Tunabonyeza parachichi sokoni kuona kama limeiva, na muuzaji akituona anafoka tusimharibie. Neno lenyewe limebeba kipimo chake, na kipimo chake ni kidole gumba. Minya nayo ni ya chungwa. Ukimwambia mtu mwenye hofu, aliyepiga magoti mbele ya baba wa watu, abonyeze, atafanya kile ambacho neno limemfundisha tangu utotoni.

Fundi akimwaga kifusi kwenye msingi hasemi kibonyezwe. Anasema kishindiliwe. Na hakuna kibarua anayeuliza kushindilia ni kiasi gani. Mwili unajua kwamba hapo ni mgongo na uzito wote.

Nikalijaribu hilo dukani. Nina mizani ya chini, ile ya kusimama, ninayopimia vyuma chakavu. Nikaweka juu yake kipande cha sponji ngumu na ubao, nikawa namwita kila anayeingia. Ukiambiwa "bonyeza hapa kama kifua cha mtu", unabonyeza; mwalimu mmoja mstaafu alibonyeza kwa adabu kabisa, kama anagonga muhuri kwenye cheti, mshale ukatikisika ukarudi. Ukiambiwa "shindilia, kama kifusi", mshale unaruka. Mtu yule yule, mikono ile ile. Binti anayenishikia mahesabu, mwembamba, aliyeapa kwamba yeye hawezi, alivuka kilo 40 mara tu alipoacha kukunja viwiko na kuleta mabega juu ya viganja vyake. Kabla ya hapo alikuwa anasukuma kwa mikono. Mikono haina kitu. Kinachoshindilia ni kiwiliwili kinachoanguka kutoka kiunoni, mikono imenyooka tu kama mguu wa stuli.

Sikupi jedwali, hili ni duka na si maabara. Lakini kuna waliolifanya kitaalamu. Mwaka 2008 Wamarekani walichapisha jaribio ambalo watu wasiofunzwa walielekezwa kwa simu wakandamize kifua cha sanamu. Kundi moja likaambiwa kipimo chenyewe, inchi kadhaa. Jingine likaambiwa sukuma kwa nguvu zako zote. Hili la pili ndilo lililozamisha zaidi. Mtu mwenye hofu hana rula kichwani. Ana woga na heshima, na vyote viwili vinamvuta mkono juu.

Heshima hiyo usiichukulie kirahisi. Kuna watafiti, Wamarekani tena, waliojaribu mwaka 2015 kuwaruhusu watu dhaifu wakandamize kwa kisigino cha mguu badala ya mikono, wakaona wengi zaidi wanaweza kwenda dakika kumi bila kukata. Kwa hesabu ni kitu kizuri. Lakini nikajiwazia mimi, uani Kibosho, mbele ya ukoo mzima, nimevua kiatu nimemkanyaga baba mdogo kifuani. Ningezikwa naye.

Basi nikatengeneza mtu. Gunia la salfeti, ndani sponji ya godoro la zamani, mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki uliozungushwa kama mbavu, na katikati chupa tupu ya maji ambayo ikibonyea kiasi cha kutosha inalia kraa. Kelele hiyo niliirekebisha kwa msumari wangu: nilihamisha chupa juu na chini mpaka ikawa hailii kabla ya inchi mbili. Vijana wakambatiza Mzee Salfeti. Nimesoma kwamba sanamu ya kwanza maarufu ya mazoezi haya nayo ilitoka kwa mfanyabiashara: Asmund Laerdal, mtengeneza midoli wa Norway, mwaka 1960, na sura yake aliitoa kwenye kinyago cha msichana ambaye inasimuliwa alizama mto Seine kule Paris. Mzee Salfeti hana sura. Ana nembo ya kiwanda cha sukari.

Kwa Mzee Salfeti ndipo nilipoona kosa la pili, na hili ni la wenye nguvu. Vijana wangu wawili wa kupakia saruji walimshindilia vizuri sana, chupa inalia kila pigo, halafu baada ya muda ikaacha kulia. Nikadhani wamechoka. Kumbe walikuwa wameegemea. Wanashuka kamili lakini hawapandi kamili; uzito umebaki palepale kifuani, wanachezacheza huko chini kwenye inchi moja ya mwisho. Kifusi hakidai kuachiwa, kwa hiyo hapo neno langu zuri lilikuwa na upungufu wake.

Tabibu wangu akaelezea kwa pampu ya baiskeli. Ukisukuma pampu usiivute mpaka mwisho, pigo linalofuata linasukuma nini? Moyo ukishindiliwa unatema damu. Ukiachiwa ndipo unajaa tena, na mishipa inayoulisha moyo wenyewe inapata damu yake hasa katika ule wakati wa kuachia. Usipoachia unakuwa umeufunga mlango. Kwa hiyo sasa tunasema maneno mawili, shindilia, achia, na kwenye achia viganja vinabaki vimegusa ngozi lakini havina uzito, kama mtu aliyeweka mkono juu ya meza. Na kusiwe na kusimamasimama. Presha inajengeka taratibu, pigo juu ya pigo, na ukisimama kidogo tu kumwuliza mtu amepiga simu au bado, inaporomoka na unaanza upya kuijenga. Hata ukifanya vizuri kabisa unapata labda robo au theluthi ya damu ambayo moyo mzima ungeisukuma. Hakuna cha kupoteza humo.

Sasa kuhesabu. Hapa nina jambo ambalo sijaliona limeandikwa popote kwa Kiswahili, na linanisumbua kiasi kwamba mke wangu ameniomba niache kulizungumza mezani.

Video nyingi zinakufundisha uhesabu kwa sauti mpaka thelathini. Kwa Kiingereza sijui, lakini jaribu kwa Kiswahili, kwa mwendo unaotakiwa. Weka 110 kwa dakika kwenye programu yoyote ya simu inayogonga mapigo. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi: zote fupi, kila moja inaingia kwenye pigo lake kama mguu kwenye kandambili. Halafu inakuja kumi na moja. Silabi tano. Kumi na mbili. Ukifika ishirini na saba una silabi saba za kutamka katika nusu sekunde, ukiwa umepiga magoti, unahema, mtu analia pembeni. Haiwezekani. Na mwili hauachi kuhesabu ili uendelee kushindilia. Unafanya kinyume chake, unapunguza mwendo ili ulimi uwahi. Nimewapima kwa saa watu kadhaa hapo dukani, nikiwemo mimi. Kumi la kwanza linakwenda vizuri. Kumi la tatu mtu anatambaa, na ukimwuliza atakuambia hajapunguza.

Wengine wanafanya kinyume, wanakimbia. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alikwenda kama anakuna nazi, na kadiri alivyokimbia ndivyo alivyozama kidogo, chupa kimya. Ndiyo maana kuna kikomo cha juu, 120. Kilikuja kwenye miongozo ya Wamarekani mwaka 2015. Kabla ya hapo waliambiwa tu angalau 100, na watu wakapaa.

Dawa yangu ni kutovuka kumi. Moja mpaka kumi, unarudi moja. Makumi ahesabu mtu mwingine kwa vidole. Vidole vyote vya mikono miwili vikiisha mara mbili, hapo ni mapigo 200, na kwa mwendo huo dakika mbili ziko karibu kutimia. Anapiga kofi, mnabadilishana.

Kubadilishana ndiko watu wanakokataa. Kijana wangu mmoja, anayebeba mifuko ya saruji kutwa nzima, alinicheka nilipomwambia dakika mbili. Nikamwacha aendelee. Chupa ilianza kuruka mapigo kabla dakika mbili hazijatimia, na yeye bado anasema yuko sawa. Wataalamu wameliona hilo kwa miaka mingi: kina kinapungua kabla mwenyewe hajahisi kuchoka, wengine ndani ya dakika ya kwanza. Kwa hiyo usimwulize anayeshindilia kama amechoka. Mtoe. Uani Kibosho siku ile kulikuwa na wanaume si chini ya thelathini, vijana waliotoka kubeba meza na viti, na walikuwa wamesimama duara wamekunja mikono. Hao walikuwa zamu thelathini.

Nilirekodi sauti. Dakika mbili za mimi nikihesabu moja mpaka kumi mara ishirini na moja, mapigo yanagonga nyuma, mwisho nasema "badilisha" na inaanza tena. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na maelezo marefu. Wa kwanza kujibu aliandika "Amina". Wa pili akauliza michango ya harusi ya Machame imefika wapi. Lakini najua baadhi wameihifadhi, maana binamu yangu wa Arusha, dereva wa watalii, alinipigia kuuliza kama anaweza kuiweka kwenye spika ya gari. Nikamwambia hapo ndipo mahali pake hasa. Kwenye nchi ambazo ukipiga simu ya dharura mtu anabaki hewani akihesabu pamoja nawe, hiyo ndiyo kazi anayoifanya. Sisi idara ya kwanza kamili ya dharura nchini, ile ya Muhimbili, ilifunguliwa mwaka 2010. Taaluma yenyewe kwetu bado changa. Mtu wa kukuhesabia inabidi umbebe mfukoni.

Mambo mengine nayapita haraka, si kwamba ni madogo bali hayana ubishi. Mtu akae chini, sakafuni, kwenye udongo, kwenye matope ikibidi. Ukimweka kitandani kwa heshima unashindilia godoro. Kiti cha nyuma cha Noah ndiyo kabisa. Kama gari liko pale na mnaweza kufika hospitali dakika mbili, sawa. Kama ni safari ya kutoka Kibosho, hizo dakika za mwanzo pale chini ndizo zenye uzito, kwa sababu bila kushindiliwa na bila mashine ya kushtua moyo nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Sisi tulitumia kama dakika tano kubishana gari la nani liko nje.

Ule mkoromo nao. Nimeuota mara nyingi. Si pumzi. Moyo umeshasimama, ubongo unatuma amri zake za mwisho, kifua kinashtuka kama samaki nchi kavu. Mtu asiyeitika ukimtikisa na kumwita, na hapumui kama watu wanavyopumua, usisubiri uhakika. Je, kama moyo unapiga na wewe umemshindilia bure? Seattle walifuatilia watu kama hao, wakachapisha mwaka 2010: waliovunjika mfupa walikuwa kama 2 kati ya 100, na hawakukuta aliyeumia viungo vya ndani. Kwa aliyesimama moyo kweli, mbavu zinaweza kulia. Zinalia kama kuni kavu. Nimeambiwa na wauguzi kwamba ukisikia mlio huo mara ya kwanza mikono inajiondoa yenyewe, na kwamba unatakiwa uirudishe palepale.

Na akiwa mwanamke, shindilia vilevile. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulihesabu: wanaume walioanguka hadharani walisaidiwa na wapita njia asilimia 45, wanawake 39. Hapa kwetu hakuna aliyenihesabia, lakini nilijaribu kumwita mteja wa kiume aonyeshe kwenye Mzee Salfeti niliyemvisha kitenge, na nikaona viganja vinavyohama kuelekea tumboni. Tumboni hakuna moyo.

Watoto ni habari nyingine. Mtoto, na mtu yeyote aliyezama mtoni au kwenye bwawa, shida yake mara nyingi ilianza kwenye hewa, kwa hiyo anahitaji kupuliziwa pumzi pia, na kifua cha mtoto kinazamishwa theluthi ya unene wake, si msumari wangu. Hilo katafute mtu akufundishe ana kwa ana. Lakini kama hujui kupulizia na aliyeanguka ni mtu mzima, ghafla, mbele ya macho yako, mikono peke yake inatosha kuanzia. Tangu 2008 Wamarekani wanawaambia raia wao hivyo hivyo.

Mwaka huu mwezi wa saba mama mdogo alikuja dukani. Anaezeka jiko upya. Nikamwamkia, akaitikia, nikamletea stuli, hakukaa. Alikuwa anamwangalia Mzee Salfeti aliyelala pembeni ya mifuko ya saruji.

"Ndiye huyu wa kwenye simu?"

Nikasema ndiye. Akamzunguka. Akauliza mbona ananuka. Nikamwambia ni lile godoro. Kimya. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mimi ndiye niliyekuambia taratibu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kwa muda mrefu. Nikaanza kumweleza yale tabibu aliyoniambia, kwamba hata wanaoanguka ndani ya hospitali, mashine ziko pembeni, wengi hawarudi, kwamba hakuna anayeweza kusema, kwamba...

"Sijakuuliza hayo, baba."

Akaweka mkoba kaunta. Akakaza kanga kiunoni, akapiga magoti kwenye sakafu yenye vumbi la saruji, akaweka viganja. Nikamwambia anyooshe mikono. Akanyoosha. Pigo la kwanza chupa haikulia, la pili haikulia. "Shindilia, mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri. La tatu ikalia. Nikaanza kuhesabu, kijana mmoja akaacha kupanga mabomba akasogea akawa anakunja vidole. Mama mdogo ana miaka sitini na kitu. Alikwenda makumi kumi, vidole vyote, chupa inalia, kilemba kimemteleza mpaka shingoni. Kijana akamgusa bega ili ampokee, akamtikisia kichwa akaongeza kumi lingine.

Kisha akakaa chini kwa kisigino, anahema, akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Ni kazi," akasema.

"Ni kazi, mama."

Nikampa mkono, akainuka. Akapangusa vumbi magotini, akarudisha kilemba, akachukua mkoba wake.

"Haya, nipimie misumari ya bati. Kilo mbili. Na usinipunje."